Kulwa, Doto na klachi iliyohesabu vituo

Hadithi yangu, wajukuu, ina Hiace mbili. Zilitoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, zote nyeupe, zote za dizeli na gia za mkono, na zikashuka bandari ya Dar es Salaam kutoka meli moja. Pacha hao tutawaita Kulwa na Doto. Nimewatunga mimi, kwa hiyo msiende kuwatafuta stendi. Lakini yatakayowapata huzipata Hiace za kweli kila siku, na fundi yeyote wa gereji atanitolea ushahidi.

Kulwa alibaki Dar. Tajiri wake alimpaka mstari wa njia ubavuni, akampa dereva na konda, akawa daladala wa kupita Buguruni na Tazara. Doto alipanda kaskazini, akawekwa kati ya Moshi na Arusha, kilomita 80 hivi za lami, abiria wanapandia stendi na wengi wao wanashukia stendi. Kabla hawajaachana, kila mmoja alifungwa klachi mpya. Boksi zilifanana, namba za spea zilifanana, na aliyezifunga alikuwa fundi mmoja.

Klachi ya Kulwa iliisha alipofika kilomita 60,000. Ya Doto, kwenye kilomita 150,000, ilikuwa bado inashika vizuri.

Tajiri wa Kulwa alikuja juu. "Mmenifungia feki!" akamwambia fundi mbele ya watu. Spea feki zipo, hilo sikatai, na zinaua magari. Ila safari hii tajiri alimkamata asiyehusika. Klachi ya Kulwa ililiwa na mtu mwingine, na ili tumjue inabidi kwanza tujue klachi yenyewe ni mnyama gani.

Anzeni na injini. Injini ya dizeli au petroli ina tabia moja mbaya: haijui kwenda polepole kabisa. Gari likiwa limesimama kituoni, injini inaunguruma taratibu, inazunguka mara 700 au 800 kwa dakika. Ukiilazimisha izunguke polepole zaidi ya hapo, inatetemeka, inakohoa, inazimika. Sasa tazama magurudumu: yamesimama, yanazunguka mara sifuri. Hapa una kitu kinachozunguka mara 800 na hapa una kitu kisichozunguka kabisa, na unataka viungane bila kuvunja chochote na bila abiria waliosimama kuangukiana. Kazi hiyo ndiyo ya klachi.

Waliotengeneza magari ya mwanzo walihangaika nayo sana. Karl Benz, Mjerumani aliyepewa hataza ya gari lake mwaka 1886, alitumia mkanda. Ukisukuma wenzo, mkanda ulihama kutoka gurudumu lililokuwa likizunguka bure hadi lile lililoshika mtambo wa kusukuma gari. Lilikuwa na gia moja tu, na ubovu wa hilo ulionekana Agosti 1888, mkewe, Bertha, alipolichukua gari bila kumwambia mume na kusafiri na watoto wao wawili wa kiume kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Kwenye vilima watoto walishuka wakasukuma. Njiani breki za mbao zililika, Bertha akamwendea fundi viatu, naye akazipigilia vipande vya ngozi. Breki siyo klachi, najua, ila vyote viwili vinaishi kwa kitu kimoja, yaani kusuguana, na ngozi ile ile ndiyo iliyovikwa kwenye klachi nyingi za magari ya miaka iliyofuata.

Baada ya ngozi ikaja asbesto, madini yenye nyuzi yanayovumilia moto ajabu. Ilitumika miongo mingi kabla ya nchi moja baada ya nyingine kuipiga marufuku, kwa sababu vumbi lake linaingia mapafuni na kuleta saratani. Leo hutumika mchanganyiko wa nyuzi za kioo na nyinginezo, vipande vya shaba na gundi ngumu, uliookwa mpaka ukakauka. Hata hivyo mkikuta fundi anafungua klachi kuukuu, kaeni kando, na asiwepo wa kupuliza lile vumbi jeusi kwa mdomo. Hakuna anayejua klachi ya zamani ilitengenezwa na nini.

Turudi kwa Kulwa, tumlaze chini tumchungulie.

Nyuma ya injini yake kuna gurudumu zito la chuma linaloitwa flaiwili. Injini ikizunguka, flaiwili inazunguka. Mbele yake imesimama klachi pleti, sahani nyembamba yenye upana wa kama sentimita 22 au 25, iliyobandikwa kitambaa cha kusugua, yaani ule mchanganyiko uliookwa, pande zote mbili kwa ribiti. Sahani hii imevalishwa shafti ya giaboksi: yenyewe ikizunguka, giaboksi inazunguka, na gia ikiwa imeingia, magurudumu nayo yanazunguka. Mwisho kuna presha, sahani nzito yenye springi kali, ambayo kazi yake ni kuikandamiza klachi pleti kwenye flaiwili mchana na usiku.

Mnaona jambo hapo? Klachi, ikiachwa yenyewe, inabana. Dereva akikanyaga pedali kwa mguu wa kushoto ndipo rilizi beringi inasukuma vidole vya springi, presha inarudi nyuma kidogo, na klachi pleti inabaki haijashikwa na mtu. Akiachia, inabanwa tena.

Kwa hiyo klachi ina hali tatu, na hapa tegeni masikio. Ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, haigusani na kitu, hailiki. Ikiwa imeachiwa kabisa, imebanwa na flaiwili vikawa kitu kimoja, vinazunguka pamoja, hakuna kinachosugua kingine, hailiki. Doto akikimbia kilomita 80 kwa saa huko Bomang'ombe, klachi yake imetulia, haipungui hata chembe. Inalika katika hali ya tatu tu, ile ya katikati, pedali inapopanda na upande mmoja unazunguka kwa kasi kuliko mwingine. Hapo inateleza, inasugua, inapata moto na kutoa vumbi.

Hali ya katikati hudumu sekunde moja au mbili kila gari linapoondoka. Maisha yote ya klachi yamo ndani ya sekunde hizo.

Chukueni rula. Tafuteni milimita moja. Kitambaa kilichopo juu ya vichwa vya ribiti, kila upande, ni unene wa milimita moja hivi, katika magari mengine kidogo zaidi. Huo ndio mtaji wote. Kikiisha, ribiti za chuma zinaanza kukwaruza flaiwili.

Sasa tufanye hesabu, na namba zake ni za mfano tu. Tuseme njia ya Kulwa ina kilomita 15, na katika kwenda mara moja, ukijumlisha vituo, foleni na taa, anaondoka kutoka kusimama mara 50. Doto katika kilomita zake 80 anaondoka mara 15. Kulwa alipofikisha kilomita 60,000 alikuwa ameondoka mara 200,000. Doto, kwenye kilomita hizo hizo 60,000, alikuwa ameondoka mara 11,250. Hata sasa, kwenye kilomita 150,000, bado hajafika mara 30,000.

Nani sasa aliyechoka zaidi? Dashibodi inasema Doto. Klachi inasema Kulwa, tena kwa mbali sana.

Ndiyo maana ukimuuliza fundi mwenye busara klachi inadumu muda gani, atakuuliza kwanza gari linafanya kazi wapi. Gari dogo la familia, likichanganya mjini na safari, kwa kawaida klachi yake huenda kilomita 80,000 hadi 160,000. La barabara kuu linaweza kuvuka 200,000. Malori ya masafa marefu, yanayotoka Dar mpaka Tunduma na kuvuka Zambia, huenda laki kadhaa. La shule ya udereva, linalofundishiwa watu kuondoka, kusimama na kuondoka tena kutwa nzima, linaweza kufa kabla ya 40,000, na hakuna wa kulaumiwa: limekufa kazini.

Mjukuu mmoja msumbufu aliwahi kuniuliza: "Babu, kama ni hesabu, basi Doto akiondoka mara 200,000 atakuwa amefika kilomita milioni moja na zaidi. Klachi yake itafika huko?" Haitafika. Swali ni zuri mno na nitalirudia, kwa sababu Doto naye ana kifo chake.

Kwanza tummalize Kulwa, maana vituo vilikuwa na washirika.

Kulwa aliendeshwa na watu wengi. Dereva wake, suka mwenyewe, alikuwa na mguu mwepesi. Tatizo lilikuwa deiwaka, wale wanaoshika usukani saa mbili tatu suka akienda kula au kulala. Mmoja alikuwa anavuta injini mpaka inalia ndipo aachie klachi, kwa kuamini gari linaondoka kwa nguvu zaidi. Acheni niwape siri ya fizikia. Gari linapoondoka mahali tambarare, takriban nusu ya kazi inayotoka kwenye injini inageuka joto ndani ya klachi, hata dereva angekuwa malaika. Nusu hiyo haikwepeki. Lakini akipandisha mizunguko ya injini mara mbili na kuishikilia hapo mpaka klachi ishike, joto linakuwa mara nne. Anadhani anasaidia, kumbe anachoma.

Deiwaka wa pili alipenda kuondoka na gia ya pili. Kwa nini ahangaike na ya kwanza wakati gari linaondoka tu? Linaondoka, ndiyo, lakini klachi inateleza muda mrefu zaidi mpaka magurudumu yaifikie injini. Halafu kumbukeni Kulwa haondoki mtupu. Gari lenyewe, siti, watu waliokaa, watu waliosimama wameinamisha shingo, na ndoo ya samaki ya mama mmoja karibu na mlango: tani tatu kasoro kidogo. Uzito ukiongezeka, sekunde za kuteleza zinaongezeka.

Wa tatu alikuwa mpole kabisa, hakuvuta injini, hakuruka gia. Aliendesha na mguu wa kushoto umepumzika juu ya pedali. Uzito wa mguu peke yake unatosha kuisukuma rilizi beringi na kulegeza springi kidogo, klachi inashika nusunusu, na beringi ambayo ilipaswa kuzunguka kwa dakika chache kwa siku inazunguka kutwa. Mkikaa siti ya mbele, mtazameni dereva mguu huo. Wazuri wanauweka sakafuni.

Na wote watatu walikuwa na dhambi moja kubwa, ya mlimani.

Waliowahi kuvuka Likoni, kule Mombasa, wanaijua ile njia ya kutokea kwenye feri. Maji yakijaa, mteremko ni wa wastani. Maji yakipwa, feri inashuka na njia inasimama kweli kweli. Gari linatoka, lililo mbele linasita, na dereva wa nyuma hataki kuvuta hendibreki. Anafanya ujanja: anaachia klachi nusu, anakanyaga mafuta kidogo, gari linaning'inia pale haliendi mbele wala halirudi. Abiria wanamwona bingwa. Piga hesabu ya Hiace ya tani tatu ikining'inia hivyo kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10: klachi inatoa joto la kama kilowati 5. Jagi la umeme la kuchemshia maji ya chai ni kilowati 2 tu. Lichukulie kama majagi mawili na nusu, uyawashe ndani ya kasha lililofungwa, bila maji, dakika nzima. Kitambaa cha klachi kinaanza kunuka, gundi yake inatoka jasho, uso wake unakuwa laini unang'aa, na uso uliong'aa haushiki tena vizuri hata ukipoa. Unateleza zaidi, unapata moto zaidi, unang'aa zaidi.

Hendibreki ingemaliza yote hayo. Ni wenzo tu wa mkono.

Watu wengi wanadhani milima yenyewe ndiyo inayokula klachi. Lori likipanda Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya kufika Iringa, injini inalia, linatambaa mwendo wa mtu anayetembea, na utadhani klachi inateketea. Haiteketei. Dereva yumo kwenye gia nzito, mguu uko sakafuni, klachi imebana, hakuna kinachosugua. Taabu huanza lori moja likiharibika kwenye kona na foleni ikasimama mlimani. Hapo kila lori litaondoka kutoka sifuri na mzigo wote mgongoni, linasogea mita kumi, linasimama, linaondoka tena. Harufu ile mnayoisikia kwenye foleni ya mlimani, ya kitu kama mpira na nywele vilivyoungua, siyo ya injini.

Basi klachi ya Kulwa ilianza kumuaga. Pedali, iliyokuwa inashika katikati, ikaanza kushika juu kabisa, karibu na mwisho. Kisha siku moja akipanda na abiria wengi, suka alikanyaga mafuta, injini ikapaa, ikalia kwa nguvu, na gari likabaki na mwendo ule ule. Suka hakuhitaji kuambiwa. "Klachi imeisha," akasema, akamgeukia konda, "mpigie tajiri." Dalili hiyo huanzia kwenye gia kubwa na mzigo mkubwa, kwa kuwa hapo ndipo klachi inapobeba nguvu nyingi zaidi, na dereva mwenye kusikia huikamata mapema, kabla ribiti hazijagusa chuma.

Kufungua klachi siyo kazi ya kupita. Giaboksi yote inashushwa, na ndiyo maana fundi akishafika humo anabadilisha vitatu kwa pamoja, pleti, presha na rilizi beringi, hata kama kimoja bado kina uhai. Kushusha tena miezi miwili baadaye kwa ajili ya beringi moja kungegharimu siku nyingine nzima ya kazi. Kulwa alipofunguliwa lilianguka vumbi jeusi la kujaza kiganja. Pleti ilikuwa imebaki nyembamba, vichwa vya ribiti vikimetameta kama meno. Kwenye flaiwili kulikuwa na madoa ya bluu, rangi ambayo chuma hupata kikishapita joto lake, na nyufa ndogondogo. Ikapelekwa kwenye mashine ya kukereza, ikasawazishwa. Fundi alimwita tajiri, akamwonyesha madoa yale kwa kidole. Moto huu, alimwambia, ni wa kuteleza kila siku. Hii ni miguu ya watu.

Kuna kijana wa bodaboda alikuwa amesimama pale akasema pikipiki yake haina matatizo hayo. Anayo, ila ya namna yake. Klachi ya pikipiki nyingi ina sahani ndogo kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na zote zimelowa kwenye oili ya injini, ambayo inazipoza. Ndiyo maana anaweza kuchezea wenzo wa mkono kwenye foleni kwa muda ambao ungemuua Kulwa. Lakini ajihadhari asije akamimina oili ya gari kwa sababu ni ya bei nafuu: baadhi yake ina dawa za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki ikipunguziwa msuguano inaanza kuteleza mchana kweupe.

Na oili ndiyo iliyommaliza Doto.

Pale injini inapokutana na flaiwili kuna sili, pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Mpira una umri wake, hauhesabu vituo wala kilomita. Unakauka kwa joto na miaka. Karibu na kilomita 180,000 sili ya Doto ilipasuka kidogo, oili ikaanza kupenya tone kwa tone mpaka ikaifikia klachi pleti. Klachi ya gari ni kavu, haikuzaliwa na mafuta. Doto akaanza kutetemeka kila anapoondoka, gari zima likitikisika kama lina homa, halafu akaanza kuteleza kwenye kilima cha kuingia Arusha, na abiria wakasema gari limezeeka. Dereva alishangaa, maana hakuwahi kupumzisha mguu wala kuning'inia mlimani.

Giaboksi iliposhushwa, fundi aliipima pleti. Zaidi ya nusu ya kitambaa ilikuwa bado ipo. Ingeweza kuendelea miaka. Lakini ilikuwa nyeusi, imelowa hadi ndani, na kitambaa kilichokunywa oili hakirudi kuwa kavu kwa kufutwa wala kwa kuoshwa na petroli, ingawa wapo wanaojaribu. Ikatupwa ikiwa nzima. Vijana wa gereji walikuwa wameshafungua boksi la klachi mpya na kuanza kuifunga, fundi akawasimamisha. Akamtuma mmoja dukani kununua sili, kipande cha mpira cha bei ndogo kuliko vyote vilivyokuwa mezani siku hiyo, na mpaka kilipofika na kupachikwa, boksi lile lilikaa pembeni.